Mwanafunzi wa Siasa Apelekwe Mkutano wa Kijiji

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na Tume ya Vyuo Vikuu ikafungua dirisha la maombi, simu yangu haipoi. Wanaopiga ni wazazi. Wananijua tangu nilipokuwa mtendaji wa kata huku kanda ya kati, na wanajua kwamba shahada yangu ni ya sayansi ya siasa na utawala wa umma. Salamu hutofautiana, swali ni moja. "Habari za siku nyingi, mtendaji. Huyu kijana wetu kasoma HGL, tulitegemea ataomba sheria au hata ualimu. Sasa anatuambia anataka kusomea siasa. Hivi siasa inasomewa kweli?"

Sicheki. Mzazi anayeuliza hivyo ana hoja kuliko anavyojua mwenyewe. Katiba yetu inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi, cheti haimwulizi. Diwani niliyefanya naye kazi aliishia darasa la saba, na sikuwahi kumwona akishindwa hoja na mtu mwenye digrii, mimi nikiwemo. Bodi ya Mikopo nayo imekuwa ikiwatanguliza wa ualimu wa sayansi, udaktari na uhandisi, wale wa sayansi za jamii wakisubiri nyuma. Ufadhili wa Samia ulipoanza mwaka 2022 uliwalenga waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Mzazi aliyeuza mbuzi ili mtoto amalize kidato cha sita anayaona haya yote na anajumlisha mwenyewe.

Halafu kuna hofu, ambayo zamani haikuwa ikitajwa kwenye simu. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, yalitokea maandamano, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa, na vyuo vilivyokuwa vifunguliwe siku chache baadaye vikaambiwa visubiri. Watu walikufa. Tangu hapo swali limeota mkia: "Na hiyo siasa yenyewe, haitamtia matatani?"

Kwa hofu hiyo sina dawa. Ninachoweza kusema ni kwamba darasa la siasa halitengenezi watu wa upande mmoja. Marehemu Profesa Mwesiga Baregu alilifundisha somo hili Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka mingi, akawa mwanachama wa Chadema, akakaa pia kwenye Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Warioba. Dk. Bashiru Ally alitoka kwenye darasa hilohilo la Mlimani akawa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2018, na mwaka 2021 akawa Katibu Mkuu Kiongozi kwa wiki chache. Ambaye angewakuta wote wawili mbele ya ubao asingejua nani atakuja kuvaa kijani.

Kwa hiyo huwa nawajibu wazazi: mwacheni akasome. Ugomvi wangu hauko kwao, uko na vyuo. Kwa miaka mitatu kijana huyo atasoma habari za dola, vyama, chaguzi na sera, na anaweza kuvaa joho bila kuwahi kukaa hata mara moja kwenye mkutano mkuu wa kijiji akaangalia siasa inavyofanyika. Mwanafunzi wa udaktari hatumruhusu ahitimu bila kuingia wodini. Wa ualimu lazima asimame mbele ya watoto, akaguliwe, aandikiwe alama. Wa siasa tunamwamini tu kwamba huko mbele atakutana nayo. Mimi nilisoma chuo ambacho sitakitaja, kwa sababu ninayoyasema yanavihusu vingi, na muhtasari wa kwanza wa kikao cha kijiji niliusoma nikiwa tayari nimeajiriwa na nalipwa kuusimamia.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu.

Mwaka wa pili tulisoma kitabu chembamba cha Steven Lukes kuhusu madaraka, kilichotoka mwaka 1974. Lukes anasema madaraka yana sura tatu. Ya kwanza inaonekana kwa macho: watu wanabishana, kura inapigwa, mmoja anashinda. Ya pili, ambayo Bachrach na Baratz walikuwa wameshaieleza mwaka 1962, ni kulizuia jambo lisifike mezani kabisa, kwa hiyo hata ubishi wenyewe hautokei. Ya tatu ndiyo nzito: mtu anaumia lakini hajioni kuwa ana jambo la kudai. Mfano wa kitabuni ulikuwa mji wa Gary, kule Indiana, ambako kampuni ya chuma ilichafua hewa kwa miaka na suala likachelewa sana kugusiwa na baraza la mji, wala kampuni haikulazimika kumtisha mtu. Tuliikariri Gary, tukaijibu kwenye mtihani wa mwisho wa semesta, tukasahau.

Nilipopewa kata, kijiji kimoja kilikuwa na eneo la malisho lililotengwa tangu zamani. Kila msimu lilipungua kidogo. Mwenye jembe la ng'ombe anaongeza mistari michache ya alizeti, mwaka unaofuata anaongeza mingine, na waliokuwa wakiongeza walikuwa watu wa karibu na uongozi wa kijiji. Wafugaji walilalamika njiani, kilabuni, kwenye misiba. Nikafungua jalada la mihtasari. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa ukikaa kila miezi mitatu kama sheria inavyotaka. Ajenda zilikuwepo: zahanati, madarasa, usafi wa mazingira, taarifa ya mapato na matumizi, mengineyo. Malisho hayakuwepo hata kwenye mengineyo.

Nilikaa na jalada lile mpaka nikaanza kusoma tarehe badala ya ajenda. Kila mkutano ulikuwa umeangukia siku ya mnada. Siku ya mnada wafugaji hawapo kijijini. Alfajiri wameshaswaga ng'ombe, na wanarudi giza limeingia, wengine wameshalewa. Tangazo lilikuwa limebandikwa, mbiu ilikuwa imepigwa, mahudhurio yamesainiwa. Hakuna aliyekuwa amemkataza mtu kusema. Ungeniuliza nani amezuia hoja ya malisho, nisingekuwa na jina la kukupa. Hiyo ndiyo Gary, Indiana, chini ya mbuyu.

Nikamwomba mwenyekiti mkutano unaofuata tuufanye Jumapili, ibada zikishatoka. Alisema sawa, bila furaha. Walikuja watu ambao mihtasari haikuwahi kuwaandika. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akauliza swali fupi: mpaka wa malisho uko wapi leo? Tulibishana hadi jua likazama. Ikaundwa kamati, mpaka ukapimwa upya kwa hatua na kamba, sehemu ya mashamba ikarudishwa na sehemu haikurudi mpaka naondoka. Mwenyekiti alinipa salamu za mkato mpaka masika.

Sura ya tatu niliipata baadaye, kisimani. Wanawake walikuwa wengi kwenye mkutano ule na hakuna aliyenyoosha mkono. Nilimwuliza mmoja kwa nini. Akanijibu kwamba malisho ni mambo ya wenye ng'ombe, yeye ana mbuzi wawili tu. Kichwani alikuwa na mzigo wa kuni, na kuni zile alizikata kwenye eneo lilelile la malisho, kama alivyofanya maisha yake yote. Eneo likiisha, atatembea saa nzima zaidi kila siku. Lakini hakujihesabu kuwa mwenye jambo. Nilirudi ofisini nikatafuta notisi zangu za mwaka wa pili, ambazo kwa bahati sikuwa nimezifungia maandazi.

Nasema haya ili ieleweke kwamba simlaumu Lukes, wala sitaki kumwondoa kwenye orodha ya vitabu. Siwaungi mkono wanaosema tuache nadharia za Wazungu tufundishe "mambo yetu". Bila kitabu kile ningeziona tarehe zile na nisingeona kitu. Ninachosema ni kwamba kitabu na mkutano vinapaswa kukutana mtu akiwa bado mwanafunzi, ana mwalimu wa kumwuliza na wenzake wa kubishana nao, badala ya kukutana miaka kadhaa baadaye kwenye ofisi isiyo na umeme ambako huna hata mtu wa kumwambia ulichokigundua.

Na vitabu vyenyewe vingine viliandikwa kutokana na vijiji vyetu. Goran Hyden, aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1970, alitoa kitabu mwaka 1980 akidai kwamba mkulima mdogo wa Tanzania dola haijamkamata: ana shamba lake, ana jembe lake, anakula alichokipanda, kwa hiyo amri ya serikali akiona haimfai anarudi nyuma hatua moja na serikali haina la kumfanya. Wapo wasomi waliompinga, wakisema mkulima huyo amefungwa na soko na kodi tangu enzi za mkoloni. Ubishi huo darasani tuliufanya kwa adabu. Kijijini niliuona ukifanyika kwa mchanga. Tulipitisha mkutanoni kwamba kila kaya ilete madebe ya mchanga na mchango wa tofali, tumalizie boma la darasa. Mikono yote ilikwenda juu. Baada ya mwezi, lundo la mchanga lilikuwa la kaya chache zilizo jirani na shule. Nikaelewa kuwa mkono ulioinuliwa mbele ya mtendaji unaweza kuwa ni njia ya kumaliza mkutano watu wakapike. Na mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, hata huo mkono wa heshima ulishuka. "Rais kasema bure, mtendaji. Au wewe una Rais wako?" Mtu aliyesema hivyo hakuwa mtovu wa nidhamu. Alikuwa amemshika mkubwa akamtumia kumzuia mdogo, akaokoa debe lake la mchanga. Kuna maprofesa wanaoandika makala nzima kuhusu jambo hilo.

Mahmood Mamdani naye alifundisha Mlimani miaka ya 1970, na katika kitabu chake cha mwaka 1996 anaeleza jinsi mkoloni alivyomkabidhi chifu kila kitu kwenye ngumi moja: kuhukumu, kutoza kodi, kutoa amri, kuadhibu. Machifu tuliwaondoa kisheria mwaka 1963. Serikali za mitaa zenyewe tulizivunja mwaka 1972 na kuzirudisha kwa sheria za mwaka 1982. Lakini kaa kwenye ofisi ya mtendaji siku ya Jumatatu. Huyu kaleta kesi ya mbuzi waliokula mtama, yule anaomba barua ya utambulisho, mgambo wamemleta mtu asiye na choo, na kitabu cha stakabadhi za ushuru kiko mezani. Mtendaji ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, huku diwani akiwa mwenyekiti wake, lakini wananchi wanajua nani anashika mhuri. Wiki yangu ya kwanza wazee walikuwa wakiingia wamevua kofia na viatu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Sikuwahi kufundishwa nifanye nini na mzee anayevua viatu mlangoni kwangu.

Tulichokuwa tunafanya chuoni badala yake, kwa haki, hakikuwa bure. Siasa ya wanafunzi ni shule. Serikali ya wanafunzi ina rais, ina waziri mkuu, ina mawaziri, na Waziri wa Mikopo ni mtu mzito kuliko mhadhiri yeyote pale bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, linapochelewa. Nimewaona watu wakijifunza kuhesabu kura kwenye korido ya bweni. Lakini hiyo ni siasa ya watu wa rika moja, wenye elimu moja, wanaogombania kitu kimoja kinachotoka sehemu moja. Hakuna mjane pale, hakuna mfugaji, hakuna mtu anayejifanya hasikii.

Mlimani kuna historia inayonisaidia hapa, ingawa huwa naichukua kwa tahadhari, maana wazee wetu wakianza kusimulia enzi za Walter Rodney utadhani kila aliyepita pale alikuwa mwanamapinduzi. Sivyo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka watumikie kwa sehemu tu ya mshahara, na baadhi waliandika kwenye mabango kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi isiyozidi minne baadaye likaja Azimio la Arusha. Hao nao walikuwa wasomi wa Mlimani, na walichotaka ni ajira nzuri, kama anachotaka mzazi anayenipigia simu.

Ila kulikuwa na kundi dogo lililofanya jambo ninalolitaka. Mwaka 1967 waliunda chama chao cha kimapinduzi, USARF, wakawa wanakutana Jumapili kusoma na kubishana. Gazeti lao, Cheche, lilichapisha kazi ya kijana Issa Shivji kuhusu matabaka na likapigwa marufuku mwaka 1970. Mwenyekiti wa kundi lile alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Huyu alimsoma Frantz Fanon, halafu hakuishia maktaba. Alivuka na wenzake kwenda maeneo yaliyokombolewa na Frelimo kaskazini mwa Msumbiji, akarudi akaandika tasnifu yake ya shahada ya kwanza akiuliza kama aliyosema Fanon kuhusu vurugu na ukombozi yanaonekana kweli pale. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, alivaa viatu akaenda kumkagua mwandishi.

Najua mtakaloniambia. Museveni huyohuyo yuko Ikulu ya Uganda tangu Januari 1986, katiba ikiwa imeondolewa ukomo wa vipindi mwaka 2005 na ukomo wa umri mwaka 2017. Sawa. Kwenda kuona hakumfanyi mtu kuwa mwema. Sijaahidi wema, somo la siasa halina mtihani wa wema. Nazungumzia kujua.

Leo mwanafunzi wa siasa akienda fildi huwa anaangukia wapi? Wengi hutafuta nafasi Dar es Salaam au Dodoma, alipo shangazi wa kumpa chumba. Akibahatika, wizara inampokea na kumweka masjala. Anajifunza kufungua jalada, kuweka namba ya folio, kupeleka faili ghorofa ya tatu. Ni kazi ya heshima, na mtu wa masjala anayejua kazi yake anajua siri nyingi za nchi. Lakini kijana huyu atakaa wiki zake pale bila kusikia ubishi hata mmoja, kwa sababu faili linapofika masjala ubishi umeshaisha. Ataandika ripoti ya kurasa ishirini yenye muundo wa wizara na changamoto tatu, ambazo mara nyingi ni upungufu wa watumishi, upungufu wa vitendea kazi na ufinyu wa bajeti. Mhadhiri naye ataisoma akiwa na nyingine mia mbili mezani.

Wakati huohuo, kwenye kata yangu waliokuja kujifunza siasa walikuwa wageni. Kijana wa shahada ya uzamivu kutoka Ulaya anakuja na kibali, barua ya Katibu Tawala, barua ya mkurugenzi, mimi nagonga mhuri. Anapanga chumba. Mwezi wa tatu anajua ugomvi wa koo mbili ambao mimi mwenyewe nilikuwa sijaupata wote. Anaondoka, kitabu kinatoka, na wanafunzi wetu wanakisoma kama habari za nchi ya mbali. Sina kinyongo na mgeni yule. Alikuja mpaka kwetu.

Basi pendekezo langu ni hili. Tuna vijiji zaidi ya 12,000 na kata karibu 4,000, na kwa sheria kila kijiji kinapaswa kufanya mkutano mkuu kila miezi mitatu. Kila mwanafunzi wa siasa, likizo ndefu ya mwaka wa kwanza au wa pili, apangiwe kijiji kimoja ambacho si kwao. Akae mpaka aone mkutano mkuu, vikao vya halmashauri ya kijiji na angalau Kamati ya Maendeleo ya Kata moja. Asome mihtasari ya miaka mitatu. Aifuate taarifa ya mapato na matumizi kuanzia kitabu cha stakabadhi mpaka inaposomwa mbele ya watu, na kama haikusomwa aandike haikusomwa. Ashinde kwenye baraza la kata siku wanaposuluhisha kesi za ardhi, ambazo tangu mwaka 2021 hawazihukumu tena. Aangalie nani anapata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kikundi kipi cha wanawake ni cha kweli na kipi kiliundwa usiku wa kuamkia ukaguzi. Ripoti aiandike kwa Kiswahili, na kabla ya kuondoka aisome kwa halmashauri ya kijiji. Hapo ndipo atajua kama ameelewa, kwa sababu wajumbe wale watamkatiza sentensi ya pili.

Kuna jambo litakalowatisha viongozi. Mwaka 2018 Twaweza walitoa matokeo ya Sauti za Wananchi yaliyoonyesha kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais wameshuka hadi asilimia 55, na wakaandikiwa barua wajieleze kuhusu kibali. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyowafunga mdomo watafiti, ikalegezwa mwaka uliofuata. Nchi iliyopita hapo haiwezi kufurahia vijana wenye madaftari kwenye kila mkutano. Halafu kuna chaguzi. Novemba 2019 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikasusia, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Malalamiko mengi yalikuwa ya fomu: ofisi ya mtendaji imefungwa, mtendaji kasafiri, mtendaji kasema jina limekosewa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaacha utumishi na nina mashine yangu ya kukamua alizeti, lakini najua kiti kile kikoje. Mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua mwezi Mei kwamba wakurugenzi wa halmashauri hawafai kuwa wasimamizi wa uchaguzi, na mwezi Oktoba Mahakama ya Rufani ikatengua. Mwanafunzi atazisoma hukumu hizo mbili. Mlango uliofungwa saa tatu asubuhi, na mtu aliyesimama nje ameshika barua ya chama, hataupata kwenye ripoti ya sheria.

Sidhani hofu hiyo ni sababu ya kutompeleka. Mwanafunzi si mwangalizi wa uchaguzi wala mwandishi wa habari. Amekuja kusoma, na mkutano mkuu wa kijiji ni wa hadhara. Kijiji kikikataa kumwonyesha kitabu cha mapato, chuo kitakuwa kimejua kitu kuhusu kijiji hicho bila kutumia hata shilingi.

Gharama haipaswi kuwa kisingizio. Kijana wa Mabibo au Kimara atanung'unikia choo cha nje wiki ya kwanza. Vijiji vingi vina nyumba ya mwalimu yenye chumba kimoja wazi, au mama mmoja mwenye nafasi ambaye kwa fedha ileile ya fildi atampa ugali wa mtama na mlenda bila kumhesabia vijiko. Mtendaji wa kijiji atalalamika siku mbili tatu kwamba ameletewa mpelelezi. Siku ya nne atamkabidhi daftari amwandikie muhtasari wa kikao, kwa sababu sijawahi kukutana na mtendaji anayependa kuandika muhtasari.